Kovu la Namba 209

Mume wangu alipiga makofi. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha, na sikuwa na mwingine wa akiba.

Ilikuwa Jumamosi ya sherehe za klabu ya raga, ndani ya jumba lake, mtaani kwetu Turffontein. Mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya kreti mbili zilizofunikwa zulia. Nyuma yake walikuwa wametundika ubao mpya uliopigwa vanishi, wenye namba kuanzia moja, kila namba na jina lake. Alikuwa anaita namba, mwenye namba anatoka mbele, anapewa jezi iliyotiwa kwenye fremu ya kioo. Akafika mia mbili na tisa. Akaanza kwa ile sauti yake ya mnada:

"Mabibi na mabwana, huyu ndiye aliyechanika shavu kutoka hapa mpaka hapa, mkayaona meno kwa nje, na bado akacheza dakika ishirini za mwisho, mkono mmoja umeshika uso, mwingine umeshika mpira. Mtu wa namna hii hazaliwi tena."

Ukumbi mzima ukasimama. Akatoka mbele yule Mkongo, shemeji yangu, maana rafiki wa mume wangu namwitaje tena. Suti ya kijivu. Mashavu yote mawili laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Akapokea fremu kwa mikono miwili.

Na kando yangu mume wangu, mwenye kovu lenyewe, kovu linaloanzia chini ya jicho la kushoto na kuishia kwenye pembe ya mdomo, naye akasimama. Akapiga makofi kuliko watu wote. Akitabasamu, lile kovu humvuta jicho kidogo kuelekea chini. Lilikuwa linalivuta.

"Wamempa," akaniambia. "Umeona? Wamempa."

Nilimwachia binti yetu mkoba wangu, nikapita katikati ya viti, nikapanda kwenye kreti. Nikamshika yule mwanaume kidevu kama unavyomshika mtoto anayekataa dawa, nikaugeuza uso wake kwenye taa.

"Kovu liko wapi?" nikauliza. Kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza, kila mtu apate fungu lake.

"Maman, acha," akasema kwa meno yaliyobanana. "Ikala chini. Bantu banaangalia."

"Waangalie. Kovu liko wapi, shemeji? Limeota nyasi?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwenyekiti akanishika kiwiko. "Msichana wangu, si leo."

"Ni leo. Leo ndiyo mmeupigilia uongo ukutani kwa skrubu."

Walinitoa nje wanaume wawili ambao zamani nilikuwa nawapelekea maji uwanjani. Katika kuvutana fremu ilianguka, kioo kikapasuka. Sikuivunja mimi. Ila mngeniuliza kama nasikitika, ningewaambia hapana.

Raga yetu si ile ya kwenye televisheni. Ile kubwa ina watu kumi na watano na mambo mengi ya kurundikana. Yetu ni ya watu kumi na watatu. Unabeba mpira, unagongwa, unaanguka, unainuka, unausukuma nyuma kwa kisigino, mwenzako anaubeba, anagongwa. Mara sita, kisha wapinzani wanachukua zamu ya kugongwa. Ndiyo mchezo. Watu wachache nchi hii wanaujua, na wanaoujua wanaupenda kwa ugonjwa.

Klabu ilianzishwa na wanaume wa reli na wa migodi waliogombana na raga kubwa. Wazungu watupu. Walijisawazishia kiwanja wenyewe kati ya barabara ya uwanja wa mbio za farasi na lundo la mchanga wa mgodi, na mpaka leo upepo wa Agosti ukivuma tunalitafuna lile vumbi la njano mpaka nyumbani. Wakajiwekea desturi moja: kila anayechezea timu ya kwanza anapewa namba yake ya urithi, kwa mpangilio wa kuingia. Wa kwanza namba moja, anayefuata mbili, mpaka kiama. Hiyo namba si ya mgongoni. Jezi ya mgongoni wanabadilishana. Namba ya urithi ni yako, ukifa inabaki yako, na mwanao akianza kucheza anashonewa namba yako ndani ya kola. Watu wazima nimewaona wakilia wanaposhonewa kola.

Kisha weupe wakaanza kuhama mtaa. Wengine walifuata watoto wao ng'ambo, wengine walikufa, timu ikabaki na watu tisa. Mwenyekiti, ambaye wakati huo bado alikuwa anacheza pembeni na ana nywele, akaenda kwenye makampuni ya ulinzi kuomba watu wenye mabega. Akapata Wakongo, Watanzania, Warundi, Wamalawi, watu wanaosimama getini wiki nzima wakisubiri mtu wa kuwagonga. Walikuja. Baada ya mechi kulikuwa na nyama ya kuchoma bure.

Sitadanganya hapa. Klabu ile ilitulea. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua pale getini kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kumfukuza. Wiki ile wenyeji walipokuwa wanavunja maduka ya wageni, nikiwa na miaka kumi na miwili, tulihamia kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, familia kumi na kitu, tumelala juu ya mikeka ya mazoezi inayonuka jasho na dawa ya kuchua. Mwenyekiti aliketi getini kwenye kiti cha kukunja, yeye na mbwa wake, siku tatu. Watu walikuja na marungu wakamkuta amekaa, wakamtukana, wakaondoka. Mtaa mzima unalijua hilo. Ndiyo maana ukisema neno baya juu ya klabu ile, hata mama yako mzazi anakuangalia vibaya.

Nami nasema hivi: mtu aliyekuokoa juzi anaweza kukuua kesho kwa kalamu, na atakuomba umshikie kifuniko.

Kalamu yenyewe ilikuwa yangu. Mwaka niliomaliza sekondari nilikuwa sina kazi, nina mwandiko mzuri. Mwenyekiti aliuona kwenye kibao cha bei cha mama. "Msichana wangu, unaandika kama mashine," akasema, akanipa ubao wa kuandikia na karatasi za mechi. Kila Jumamosi naandika timu kwa nakala nne: ya refa, ya wapinzani, ya ligi, ya klabu. Jina, namba ya kadi, namba ya jezi. Na mwisho, safu ya majeruhi, inayojazwa baada ya mechi. Sikulipwa. Nilijiona waziri.

Msimu ule ndipo alipokuja yeye, mume wangu. Mtu wa Tanga kama wazazi wangu, mlinzi wa ghala la vitambaa Fordsburg, mrefu, mgongo kama mlango. Mazoezi ya kwanza alimbeba kocha na mpira kwa pamoja. Kila mtu alimtaka. Tatizo, ligi ilikuwa inataka kadi ya mchezaji, na kadi inataka karatasi halali ya kukaa nchini, na karatasi yake ilikuwa imeisha muda huku ofisi ikimwambia njoo wiki ijayo, njoo wiki ijayo.

Shemeji yule Mkongo karatasi zake zilikuwa safi. Alikuwa ameshajiandikisha, kadi imetoka, picha ipo. Kisha akacheza mazoezi mawili, akagongwa mara moja, akasema raga si kitu ya mutu mwenye bibi na batoto. Kadi ikabaki mfukoni haina kazi.

Walikaa watatu kwenye benchi, mwenyekiti, mwenye kadi na asiye na kadi, na mimi nimesimama na ubao wangu.

"Atacheza kwa kadi ya huyu," mwenyekiti akasema. "Wiki mbili tatu tu, mpaka karatasi zake zitoke."

"Refa ataangalia picha," nikasema.

"Ataangalia," akasema mwenyekiti, akacheka mpaka akakohoa.

Nilielewa alichokuwa anacheka Jumamosi iliyofuata. Kabla ya mechi wachezaji hupanga mstari, refa anapita na kadi, anaangalia picha, anaangalia uso. Kwenye picha kuna mtu mfupi, mweupe wa ngozi kwa Mkongo, mwenye mwanya. Mbele ya refa kuna pandikizi la mtu, jeusi, meno yote yamejaa. Refa akaangalia picha, akaangalia uso, akasema sawa. Msimu mzima. Marefa watano sita tofauti. Walikuwa wakiona Mwafrika kwenye picha na Mwafrika kwenye mstari, hesabu imetimia.

Tulicheka sana. Kwenye bakki, ile pikapu ya shemeji, tukirudi nyumbani tulikuwa tunaigiza: mmoja refa, mmoja picha. Tulikuwa wajinga, na ujinga wetu ulikuwa mtamu.

Wiki mbili tatu zikawa misimu minne. Namba ya urithi ikatoka: mia mbili na tisa, kwa jina la mwenye kadi, maana karatasi ya mechi ndiyo inayosema nani kacheza, na karatasi nimeandika mimi. Watu wa pembeni ya uwanja wakajifunza jina hilohilo. Mume wangu akiubeba mpira, uwanja mzima unapiga kelele za jina la mwanaume mwingine, naye anakimbia. Mimi nilikuwa naona sifa. Tulikuwa tumeshaoana kwa ndoa ya msikitini, na nilikuwa napita na ubao wangu kifuani, mke wa mtu anayeitwa na watu mia tatu.

Siku ya shavu niliona kila kitu. Bega la mtu lilimkuta usoni akiwa ameinama. Ngozi ilifunguka kama mfuko. Lakini shavu si kitu, shavu lilishonwa. Kitu ni kwamba kabla ya kuinuka alilala. Nilihesabu. Nilifika thelathini na mbili, mikono yake imenyooka mbele imekakamaa kama mtu anayesukuma gari. Alipoinuka akaenda kusimama upande wa wapinzani. Wenzake wakamrudisha kwa kumshika jezi. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Baada ya mechi nikaanza kuandika kwenye safu ya majeruhi: kichwa, alizimia. Mwenyekiti akaweka kidole juu ya karatasi.

"Ukiandika kichwa, ligi inamfungia wiki tatu. Tuko kumi na watatu kamili, msichana wangu. Akikosekana tunapoteza pointi bila kucheza. Andika 'hakuna'."

"Ametapika."

"Hata mimi nimetapika, na sijacheza. Andika hakuna."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye bakki ya shemeji, taulo usoni, amenyoosha dole gumba. Nikaandika hakuna. Nikabonyeza vizuri, ifike nakala ya nne.

Haikuwa siku hiyo peke yake. Nilishaandika hakuna kabla ya hapo na niliandika hakuna baada ya hapo, mpaka mkono ukawa unaandika wenyewe kabla sijaulizwa. Nilipopata mimba ya binti yetu niliandika nikiwa nimeuegemeza ubao kwenye tumbo.

Sasa mume wangu ana miaka thelathini na sita. Anafika kwenye roboti, taa za barabarani, taa inakuwa kijani, inakuwa nyekundu, inakuwa kijani, yeye amesimama, watu wanampita. Funguo zake nimezikuta ndani ya unga. Binti yetu wa miaka saba baba yake anamwita kwa jina la dada yake aliyebaki Tanga, na mtoto anaitika, ameshachoka kumsahihisha. Siku moja alivunja mlango wa choo kwa bega, bega lilelile, kisha akaja jikoni akaniuliza kwa upole, "Nani kavunja mlango?" Kazi ya ulinzi ilikwisha pale alipomfungia nje mwenye ghala na kukataa kumfungulia, eti hamjui. Mwenye ghala alikuwa anamlipa mshahara miaka tisa.

Hanywi pombe. Hajawahi. Hospitali, juu ya faili lake, mtu ameandika pombe na alama ya kuuliza.

Daktari mmoja mwanamke, mdogo tu, ndiye pekee aliyeliangalia lile kovu akauliza limetoka wapi. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Mara ngapi alizimia? Alipumzishwa muda gani? Klabu iniandikie barua, mama. Nikiwa na historia ya kugongwa kichwa, nitampeleka kliniki ya ubongo. Bila historia nina mwanaume mkali anayesahau, na hao ninao kumi kila asubuhi."

Barua moja tu. Hicho ndicho nilichokwenda kuomba klabu. Sikuomba fremu, sikuomba ubao. Barua ya kusema mtu huyu alicheza hapa na aligongwa kichwa mara kadhaa wa kadhaa.

Jibu lilikuja kwenye karatasi yenye nembo. Mistari miwili. Klabu haina kumbukumbu ya mchezaji mwenye jina hilo. Inamtakia afya njema. Imesainiwa na katibu wa klabu, na katibu wa klabu siku hizi ni shemeji. Yeye, aliyekuwa anamshusha mume wangu kwenye bakki akimshika kwapani, akimwambia, "Polepole, yaya, polepole, nyumba njo hii." Yaya kwao ni kaka. Na ndiye aliyesaini.

Nilimpigia simu, hakupokea. Nikaandika ujumbe, ukasomwa ukaachwa. Kisha ukaja mwaliko wa sherehe, kadi nzuri, kwa familia zote za mtaa. Nikaenda, nikijiambia labda siku ile watakuwa na aibu. Yaliyotokea nimeshayasema.

Jumanne yake wakaniita kwenye kamati ya nidhamu. Mume wangu akaja kwa sababu siwezi kumwacha nyumbani na jiko. Meza ndefu, mwenyekiti katikati, wanakamati wawili wazee waliokuwa wakitazama simu, na shemeji mwishoni na kalamu. Juu ya meza kulikuwa na sanduku la katoni. Nililijua hata kabla halijafunguliwa.

Mwenyekiti akatoa karatasi za mechi, za manjano kwa uzee, akazipanga mbele yangu kama anagawa karata.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Jina gani hapa?"

Nikalisoma. Jina la shemeji.

"Na hapa, safu ya majeruhi?"

"Hakuna."

"Na hii?"

"Hakuna."

"Hii?"

"Unajua nimeandika nini. Unajua ni nani aliyesema niandike."

"Mimi najua kusoma tu," akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaongea nami kama siku zote, kama binti wa muuza vitumbua. "Sasa niambie, msichana wangu. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya sasa?"

"Wakati ule."

"Basi wewe ni mwongo kwa kukiri kwako mwenyewe. Tumuamini mwongo?"

Shemeji alikuwa anaandika kila neno, hainui kichwa. Mmoja wa wale wazee akaweka simu chini, pengine kwa huruma, akasema kuna njia rahisi, si mwenyewe yupo, aulizwe. Na kabla sijasema neno mwenyekiti akamgeukia mume wangu, akamuuliza kwa sauti kubwa na polepole, kama watu wanavyowauliza viziwi:

"Rafiki yangu. Wewe ulichezea klabu hii?"

Mume wangu aliuangalia ule ubao ukutani. Aliuangalia muda mrefu. Nikaona uso wake unafunguka, unang'aa kabisa, nami nikasema moyoni, sema, baba, sema sasa.

"Nilikuwa nakuja kila Jumamosi," akasema. "Kulikuwa na mtu hapa." Akalitaja jina la shemeji. "Uwanja mzima unamwita. Kelele mpaka unasikia kwenye kifua. Alikuwa mzuri sana yule bwana. Sijui yuko wapi siku hizi."

Shemeji alikuwa amekaa mita mbili mbele yake. Kalamu ikasimama.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mwenyekiti akakusanya karatasi zake, akazigonga ukingoni mwa meza zikakaa sawa, akatoa uamuzi: niandike barua ya kuomba radhi kwa siku saba. Nisipoandika, nisikanyage tena uwanjani, na binti yangu aondolewe kwenye timu ya watoto. Binti yangu anacheza vizuri. Anakimbia na mpira kifuani, kichwa mbele, kama baba yake, na kila nikimwona nataka kumvua zile njumu nizitie moto.

Tulipotoka shemeji akatukimbilia mpaka kwenye geti. Akamfungulia mume wangu mlango wa bakki kwa mazoea, mume wangu akapanda kwa mazoea. Kisha akanivuta pembeni.

"Shemeji, unisikilize. Ile namba iko mu dosié yangu, faili ya uhamiaji. Miaka yote hii naomba kibali cha kukaa moja kwa moja. Klabu bameniandikia barua, mchezaji wa zamani, mutu wa mtaa, mutu muzuri. Wakijua nilimpatia mwingine kadi, njo mwisho wangu. Na bibi yangu. Na batoto bane."

"Wewe umeandikiwa barua," nikasema.

"Eeh."

"Klabu imekuandikia wewe barua. Kwa kichwa cha mume wangu."

Akaigeukia bakki. Kisha akasema, "Nilikuwa naogopa kugongwa. Unajua. Yeye hakuogopa. Kama ningekatala kadi, angepata ya mwingine."

"Ndiyo."

"Sasa unataka nini? Unataka banirudishe Congo ndiyo kichwa yake ipone? Haitapona, maman. Mimi namupenda ule mutu. Haitapona."

Na ni kweli, haitapona. Hata daktari hakusema itapona. Alisema wataona, watampa dawa ya hasira, watamweka mahali panapofaa kwenye foleni. Nilisimama pale getini, mahali beseni la mama lilipokuwa linakaa, nikafikiria watoto wake wanne, ninawajua kwa majina, mdogo nilimbeba mgongoni. Nikafikiria vizuri, si kwamba sikufikiria. Kisha nikamwambia:

"Uso wako ni mzima, shemeji. Nenda nao popote."

Nikamshusha mume wangu kwenye bakki. Tukapanda teksi.

Barua ya kuomba radhi sikuiandika. Niliandika nyingine, kwa Kiingereza, kwenda chama cha raga cha jimbo kinachosimamia ligi, kule wanakohifadhi nakala ya tatu ya kila karatasi ya mechi. Niliipeleka mwenyewe, sikutaka mambo ya posta. Msichana wa mapokezi akataka kuiweka kwenye trei, nikamwambia aigonge muhuri wa kupokelewa mbele yangu, na kwenye nakala yangu pia. Akaigonga. Hii hapa kwa Kiswahili, sijapunguza kitu:

Kwa Kamati ya Nidhamu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KLABU, MWENYEKITI WAKE, KATIBU WAKE, NA MIMI MWENYEWE

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa karatasi za mechi za klabu hii kwa misimu minne. Nalalamika kama ifuatavyo.

Mwanaume aliyeandikwa kwa namba ya urithi 209 hakuwahi kucheza mechi hata moja. Aliyecheza ni mume wangu, kwa kadi ya mwenzake, kwa maagizo ya mwenyekiti, na kwa ridhaa ya mwenye kadi. Marefa wenu waliangalia picha na uso, wakapitisha.

Mume wangu alizimia uwanjani zaidi ya mara moja. Kila mara, kwenye safu ya majeruhi, niliandika "hakuna". Niliambiwa niandike hivyo, na nikaandika. Sikushikwa mkono. Nilijua maana ya safu ile.

Siombi jezi, wala ubao kubadilishwa, wala fidia. Naomba barua kwa daktari inayosema kwamba mechi zilizoandikwa kwa jina hilo zilichezwa na mume wangu, na kwamba pale palipoandikwa "hakuna" pasichukuliwe kuwa ni kweli. Nimeambatanisha picha ya uso wake, upande wa kushoto.

Najua kwamba malalamiko haya yatamharibia katibu wa klabu mambo yake ya uhamiaji. Najua pia kwamba klabu inaweza kufungiwa, na mtaa wetu hautanisamehe. Mkiona nastahili adhabu, nipeni. Binti yangu nimeshamtoa mwenyewe kwenye timu.

Mtaambiwa kwamba mimi ni mwongo. Karatasi zenu mnazo. Barua hii sikuichapa, nimeiandika kwa mkono, ili muweze kulinganisha mwandiko.